Ombi la Kuhesabiwa Miongoni mwa Programu Zinazojiwasha Zenyewe

Karani wa Majaribio,
Meza ya Saba, Ghorofa ya Kwanza.
Jumatano asubuhi.

Kwa Mkuu wa Masjala,
Ghorofa ya Tatu.

(Kupitia kwa Karani Mkuu, ambaye amesema nisipitie kwake.)

Ndugu Mkuu,

YAH: PROGRAMU TANO ZINAZOANZA KAZI KABLA YANGU

Naomba radhi kwa mwandiko. Barua hii naiandika kwa mkono kwa sababu kompyuta yangu bado inafunguka. Niliiwasha saa moja na dakika arobaini, nikafungua madirisha, nikapanga mafaili ya jana, nikachonga penseli nne. Sasa ni saa mbili kasoro dakika tano na kile kiduara bado kinazunguka.

Mimi nina miezi mitano na wiki tatu katika ofisi hii. Keshokutwa, Ijumaa, kikao chako kitaamua kama nathibitishwa kazini au narudi kwa shangazi. Nimekwisha kupokea barua mbili za onyo la kuchelewa, na ya tatu, kwa mujibu wa kanuni, ndiyo ya kwaheri. Nami, ndugu Mkuu, sijachelewa hata siku moja. Tangu daftari la mahudhurio liondolewe, kila mtu husaini kwenye kompyuta ya meza yake tu. Kwenye yangu, ukurasa wa kusaini hufunguka wa mwisho, baada ya programu nyingine zote zinazojiwasha zenyewe kumaliza shughuli zao. Nafika saa moja na dakika arobaini, naandikwa saa tatu kasorobo. Nilimlilia Karani Mkuu, ambaye kila asubuhi hunikuta ofisini na kunituma chai. Akanijibu, “Kijana, kukuona nakuona. Lakini macho yangu si kumbukumbu ya ofisi.”

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Kuna programu ya printa. Printa yenyewe haipo. Iliondoka kabla sijaajiriwa, na mezani imebaki alama ya mraba isiyo na vumbi. Kila asubuhi kompyuta huitafuta, kisha huniuliza: “Printa haipatikani. Tuache kutafuta?” Nikibonyeza Ndiyo, inauliza, “Una uhakika?” Mimi kwa tabia si mtu wa uhakika. Dakika saba.

2. Kuna kalenda ya mama mmoja aliyekalia meza hii zamani, sasa yuko Ghala Kuu. Kila siku hunikumbusha kumpeleka mtoto chanjo ya pili. Wiki ya kwanza nilihangaika sana, maana sina mtoto, na nilidhani ofisi inajua jambo ambalo mimi sijaambiwa. Nikampigia simu mwenyewe. Alicheka hadi simu ikamponyoka. “Wee mwanangu! Huyo mtoto sasa ananizidi kimo, jana kavaa viatu vya baba yake!” Nikamuuliza kama chanjo ya pili aliipata. Akaacha kucheka, akasema ngoja amuulize baba wa mtoto. Kwa hiyo kalenda hii sijui niilaumu au niishukuru, ila dakika nane zinakwenda.

3. Kuna programu ya kusalimia. Hutamka kwa sauti kubwa, “Habari za asubuhi, mrembo wangu!” Sauti ni ya mwanamume, nayo inafanana na yangu nikiwa na mafua. Dirisha la wateja liko mita moja kutoka hapa. Juzi mama mmoja aliyefuata nakala ya cheti chake cha ndoa alinitazama juu ya miwani, akasema, “Nzuri. Sasa nipe hicho cheti, kabla ya kukitoa ukisome.” Foleni nzima ilicheka. Dakika tano, bila kuhesabu aibu.

4. Kuna programu mbili za kulinda kompyuta dhidi ya virusi, kila moja iliwekwa na mtu wake. (Nazihesabu kama moja kwa kuwa haziachani.) Ya kwanza ikiamka huikamata ya pili. Ya pili ikijinasua huikamata ya kwanza. Virusi vikija siku hiyo vitakuta walinzi wote wamefungiwa chumba kimoja. Dakika kumi na mbili.

5. Hapa naomba ukae vizuri. Kuna mchezo wa drafti. Hujiwasha wenyewe, hujaza kioo chote, na hudai kumalizia mchezo ulioachwa katikati na mchezaji anayejiita Simba wa Meza ya Saba. Simba huyu amebakiwa na kete tatu dhidi ya tisa za kompyuta, na ni zamu yake. Mchezo husema: “Cheza, au ukubali kushindwa.” Drafti siijui. Kukubali kushindwa nako siwezi, kwa sababu mimi ni karani wa majaribio, na sijaona popote panaponiruhusu kukubali kushindwa kwa niaba ya ofisi. Basi nakaa nimekunja mikono hadi mchezo uchoke wenyewe. Huchoka baada ya dakika thelathini na tatu. Sijui Simba ni nani, lakini nitasema bila woga, nami ni nadra sana kusema bila woga: mtu huyu ni mvivu, drafti haijui, na alikuwa akicheza saa za kazi. Kwa mwenye kete tatu, jina hilo ni kubwa mno.

Jumla ni dakika sitini na tano. Nimezijumlisha mara tatu.

6. Nilimwita fundi wa kompyuta. Alinionyesha orodha ya vyote vinavyojiwasha, kila kimoja na kisanduku chake chenye alama ya vema. Ukiondoa alama, programu haiondoki, inalala tu mpaka uiite. Ni kazi ya kidole kimoja. Nilifurahi nikamwambia aondoe. Akarudisha mkono mfukoni. “Dogo, waraka unasema kilichowekwa na mtu kisiguswe bila idhini ya maandishi ya huyo mtu. Ndiyo maana kila mashine mpya ikija nahamisha takataka zote za zamani. Nikizima mimi, nitaandika maelezo. Ukizima wewe, utaandika wewe. Tuziache zilale macho.” Akaondoka na mojawapo ya penseli zangu.

7. Kwa kutaka kufuata haki, niliziandikia programu zote barua za kujieleza, nikazibandika kwenye kioo, nikazipa siku saba. Hakuna iliyojibu. Fundi alipoziona alitoka nje kwanza, akarudi akifuta macho.

8. Ndipo nikakaa nikafikiri. Programu hizi hufika bila kuitwa. Hukaa. Hula nguvu za mashine. Hakuna anayejua zinafanya nini, hazijawahi kusaini mahudhurio, na hakuna hata moja iliyopata barua ya onyo. Juu ya hayo zinalindwa na waraka. Mimi nafungua madirisha na kuhudumia watu arobaini kwa siku, na nina barua mbili. Nikaona kwamba kosa langu si kuchelewa. Kosa langu ni kuajiriwa kama mtu.

Kwa hiyo naomba, ndugu Mkuu, kabla ya Ijumaa, jina langu liingizwe kwenye orodha ya vinavyojiwasha vyenyewe, mstari wa sita, chini ya drafti. Sihitaji nafasi kubwa. Nitawaka kila asubuhi pamoja na wenzangu. Kuanzia hapo hakuna kikao kitakachoweza kuniondoa bila idhini ya maandishi ya aliyeniweka. Aliyeniweka, kwa maana ya kunipigia pasi shati na kunisindikiza hadi mlangoni siku ya usaili, ni shangazi yangu. Nimeshamuuliza. Amesema hasaini kitu.

Kama hilo ni zito, basi naomba idhini ya kuondoa alama tano za vema. Kidole ninacho.

Nakusalimu kwa unyenyekevu. Salamu zangu pia kwa katibu wako, kwa mlinzi wa lango anayejua saa yangu halisi ya kufika, kwa mama wa usafi, kwa yule mtoto wa chanjo, na kwa printa, popote ilipo.

Wako mtiifu, niliyefika mapema,

Karani wa Majaribio, Meza ya Saba.

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha, mama wa usafi alikuja kupiga deki, akaona drafti kwenye kioo, akashika kiuno. “Hee! Simba wa Meza ya Saba bado yupo? Si ndiye huyu bosi wenu wa ghorofa ya tatu! Alianzia hapo hapo ulipokaa, mwembamba kama wewe.”

Ndugu Mkuu, naondoa malalamiko yote, la kwanza hadi la nane. Drafti ni programu nzuri sana na dakika thelathini na tatu hazitoshi. Neno “mvivu” lisomeke “mvumilivu”. Ningeiandika barua upya, lakini karatasi ya ofisi ni moja kwa wiki.

Halafu, mama wa usafi alipovuta droo ya chini ili anipe bahasha, nyuma yake zilitoka barua mbili za miaka kumi na saba iliyopita, za onyo la kuchelewa, kwa Karani wa Majaribio, Meza ya Saba. Maneno ni yaleyale ya kwangu. Nimeziweka humu ndani ili zisionwe na mwingine. Usinielewe vibaya.

Ya tatu tumeitafuta, hatukuiona. Kama kuna njia uliyotumia, nielekeze kabla ya Ijumaa.

Mchezo sijaugusa. Uko palepale ulipouacha, na bado ni zamu yako.