Jiko Lisilo na Ukuta

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Asante Mungu. Nimepata binti, Ariel, na ofisini wamenipa likizo. Mke wangu Marie-Thérèse bado yuko kliniki. Alijifungua kwa upasuaji, ataruhusiwa Jumamosi. Siku hiyohiyo mama yake anafika kutoka Pweto, mbali huko ziwani, kumuuguza. Daktari amekataza kazi zote: asiinue kitu, asipike. Kwa hiyo tunamtegemea mama mkwe, na mama mkwe anahitaji jiko. Letu ni giza tupu, mbabula moja ya makala, jiko dogo la makaa, na rafu iliyoinama. Nitalitengeneza upya kabla hawajafika. Marie-Thérèse hajui lolote. Atafurahi huyo!

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda kwa jirani Damien kuazima ngazi. Ni mfanyabiashara wa jumla, kwao Butembo. Jiko lake lina karo nyeupe, vigae vinavyong'aa, ukutani mpaka juu. Mkewe Kahambu alinionyesha kabati na beseni la kuoshea vyombo bila kujidai hata kidogo. Hilo ndilo lililonichoma. Walinipa ngazi, chai, na karo walizobakiza. Watu wema kabisa. Lazima niwashinde.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata wazo. Cuisine américaine! Jiko na salon, yaani sebule, kitu kimoja, bila ukuta katikati. Damien hana.

Franck, fundi mwashi, aliniuliza kama nina hakika. Kisha akauliza kama ni kweli mama mkwe anakuja. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu yenyewe. Alinitazama kwa huruma, sijui kwa nini, akaanza kubomoa.

Sasa nikikaa kwenye kiti changu naona sufuria ikichemka. Mwanga kila mahali! Vumbi pia. Meza ya zege ya kupikia nimeipima kwa urefu wa kiuno changu, kwani mimi ndiye msimamizi.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamefika. Marie-Thérèse aliingia polepole, mkono tumboni, akasimama.

“Papa Ariel, ukuta iko wapi?”

Nikamweleza habari za mwanga. Akaniuliza mama yake atapikia wapi. Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Hatuli mbele ya mwenzetu, hatukai chumba kimoja. Miaka yote hii ukuta ule ndio uliotusitiri, nami nimemlipa Franck auangushe.

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni. Akaniona nimeketi katikati ya jiko lake. Akafunika uso kwa kitenge. Hasemi nami, buko wake, yaani mkwe, moja kwa moja, kwa hiyo alimwambia mtoto.

“Ariel, ambia papa yako, mama buko hawezi kupika mu salon.”

Akachukua mfuko wake wa samaki wakavu, akaenda kwa Kahambu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepika mwenyewe. Bukari, ugali wetu, husongwa ukiwa umekaa chini, sufuria umeibana kwa miguu. Mimi nilisonga nimesimama, juu ya meza yangu ya zege. Sufuria ilikimbia mwiko mpaka ukingoni, ikaanguka. Moshi wa makala ukajaa salon, Ariel akaanza kukohoa, ikabidi tumtoe nje. Marie-Thérèse hakunigombeza. Alilia kimya kimya, kwa njaa na uchovu. Niliogopa. Mama asiposhiba, mtoto atanyonya nini?

Jioni Kahambu alikuja na sahani zilizofunikwa: bukari, samaki wa Pweto, mchicha wa lengalenga. Mama mkwe amepikia kwake. Nilikula sehemu yangu nyuma ya nyumba, peke yangu, huku nikishukuru kwa sauti.

Jumanne, 12 Agosti

Ujumbe umefika kupitia Kahambu. Ukuta usiporudi kabla ya Ijumaa, mama mkwe anamchukua binti yake na mjukuu, wanaondoka wote kwenda Pweto. Na kidonda kile, na barabara ile! Nilipendekeza pazia. Jibu lilirudi haraka kwamba pazia si ukuta.

Nilimweleza Damien kila kitu. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akafunga duka.

Jumatano, 13 Agosti

Damien ameleta matofali yaliyobaki alipojenga ghala lake. Alichanganya saruji mwenyewe, akiwa amevaa suruali yake ya kanisani. Franck alipanga matofali bila kunikumbusha maswali yake, jambo ambalo namshukuru. Ukuta umesimama. Meza imebomolewa. Wazo la Damien: kidirisha cha chini chenye kifuniko, sahani ipite bila macho kupita. Nilikuwa karibu kulifikiria mimi.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama mkwe ameingia jikoni kwake. Nimesikia mwiko ukigonga sufuria, sijawahi kusikia muziki mzuri kama ule. Sahani ikapita kidirishani. Nikainama, nikapiga makofi taratibu kwa heshima. Upande wa pili naye akapiga makofi.

Marie-Thérèse amekula akashiba. Ariel amenyonya akalala. Nilitoka uani nikalia kidogo. Wangeondoka wote, na wako hapa.

Mke wangu ameniapisha: nisiguse tena ukuta wowote wa nyumba hii. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitawashukuru vipi Damien na Kahambu? Asante ya mdomo haitoshi kwa watu kama wale. Jumatatu mama yake Kahambu anafika kutoka Butembo, mara yake ya kwanza kuja kwao. Na jiko lao, tuseme ukweli, pamoja na uzuri wote lina giza.

Damien yuko mpakani Kasumbalesa, Kahambu yuko sokoni, wameniachia ufunguo niwaangalizie nyumba. Kiapo changu kilihusu nyumba yetu tu. Ukuta wa jiko lao nimeuanzia juu, karibu na dari. Karo zinatoka vizuri, nyingine hata hazivunjiki.