Kuku Wawili na Nyati Mmoja

Jumatatu, 4 Julai 1983
Nesi Naishorua amenipima presha, akakunja uso. Nikae kitini hadi Ijumaa, nisiguse jembe, nisigombane na mtu. Isiposhuka, Jumamosi sipandi lori kwenda harusini Endabash, na Cresensia wangu ataingia kanisani bila baba wa kumshika mkono. Haiwezekani. Binti ninaye huyo mmoja. Mke wangu Germana ametundika mbele yangu kitambaa alichokidarizi kwa mishono ya msalaba: BABA CRESE, TULIA. Pembeni kuku wawili. Nimetulia hadi saa nne.

Jumanne
Jirani yangu Qamara naye ana presha, naye kaambiwa apumzike. Nimekwenda kwake kuomba kiberiti, yaani kuchungulia. Amejinyoosha kitini, kofia usoni, anakoroma. Ukutani kitambaa cha mkewe Lukresia: TULIA, na tembo mzima! Mimi kuku, yeye tembo. Nesi akiingia nyumba hizi mbili, atasema nani anapumzika kwa dhati? Nimemwomba Germana aniongezee nyati. Kasema ana mashuka ya harusi ya kumalizia, na mtu aliyeambiwa atulie hahitaji nyati. Haya. Nitadarizi mwenyewe.

Jumatano
Uzi mweusi hakuna dukani. Siku hizi dukani hakuna kitu. Nimefumua sweta langu la sikukuu, pindo la mkono tu. Nyati kala mkono mzima. Nimejidunga, nimelaani, nimerudia miguu ya nyuma asubuhi na jioni. Kulima ni nafuu. Germana kapita, kasema nguruwe amependeza.

Alhamisi
Qamara kaja na maziwa mgando, kanikuta nimeinama na sindano. Kanishauri niiache, nikalale kidogo. Ujanja mtupu! Hataki nyati aishe. Nimempa maneno yake, kaweka maziwa mezani, kaondoka. Maziwa nimeyanywa kwa hasira.

Ijumaa
Presha ya Qamara imeshuka. Yangu imepanda. Nimemwonyesha nesi nyati. Kasema pole kwa kazi, ila lorini sipandi. Germana kajifuta macho kwa pindo la khanga, kasema hawezi kuandaa harusi na matanga wiki moja. Atakayemshika Cresensia mkono ni Qamara. Qamara!

Jumamosi
Ukungu mzito. Cresensia kaja na gauni lake jeupe, kapiga magoti mbele ya kiti changu. Nimemwekea mkono kichwani, baraka zote nilizozipanga zikanikimbia. Nimesema tu, nenda mwanangu, Mungu akutunze. Kasema Jumatatu atakuja kunisalimu na anataka kunikuta nimekaa. Kisha kaomba aende na kitambaa, na nguruwe wake. Nimemwambia ni nyati. Kasema, najua baba. Lori lilipoondoka nililia, na hakuna aliyeniona isipokuwa mbuzi.

Jumapili
Wamerudi. Kila mtu anamsifu Qamara: alitembea taratibu, ametulia kama askofu. Nesi kaniongezea wiki mbili za kukaa, kasema nimuige jirani yangu. Nimuige?
Ukuta sasa ni mtupu. Nimeshaanza kufumua mkono wa pili wa sweta. Safari hii ni kifaru. Kijiji chetu kizima cha Qurus hakitapata mtu wa kutulia kunishinda mimi.