Bwana Foleni Dhidi ya Kitufe

Jumatatu, 6 Oktoba

Asubuhi nimekuta watafiti wamejipanga nje ya mlango wangu kama wagonjwa wanaosubiri sindano. Raha iliyoje! Anayetaka kompyuta kubwa ya taasisi imfanyie hesabu zake lazima apite kwangu. Amri zake ni ndefu, za kuudhi, na ukikosea nukta moja mashine inakununia. Ninayezijua ni mimi peke yangu. Wananiita Bwana Foleni. Kwa heshima, nadhani.

Profesa wa mito naye alikuwepo. Anataka kujua mvua zikikolea mto utafurika mpaka wapi. Kanisihi sana, mama wa watu. Nikamwambia aniachie kazi yake, nitaiangalia nikipata nafasi. Nafasi nilikuwa nayo tele. Ila mtu akihudumiwa upesi hujisahau.

Mchana, msiba. Mkurugenzi kaleta mfanyakazi mpya, dada mmoja mwenye tabasamu la muuza sabuni. Kazi yake eti kurahisisha. Anatengeneza ukurasa wa mtandaoni: mtafiti anachagua faili lake, anabonyeza kitufe, basi. Kompyuta kubwa ikijaa, ukurasa wenyewe unaipeleka kazi kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali huko. Hakuna amri. Hakuna kusimama mlangoni kwa mtu. Hakuna mimi!

Nimempa jina: Kitufe.

Jumanne, 7 Oktoba

Adui mkumbatie, upate kumkaba vizuri. Nimejitolea kumwandikia Kitufe maelezo ya kutumia ukurasa wake. Nikayaandika kwa ustadi: sentensi zisizo na mwisho, maneno ambayo mengine nimeyatunga mwenyewe. Atakayeyasoma atakimbia kompyuta maisha yake yote.

Kitufe kasoma ukurasa wa kwanza, kacheka mpaka machozi. Kasema hakujua mimi ni mcheshi kiasi hicho. Kaubandika ukutani juu ya birika la chai. Sasa kila anayekuja kumimina chai anasimama, anasoma, anashika mbavu. Mhasibu kaomba nakala.

Jumatano, 8 Oktoba

Mkurugenzi katangaza kwamba ukurasa utafunguliwa Ijumaa mbele ya watafiti wote. Nikashauri, kwa sauti ya mtu mwema, ujaribiwe kwanza na asiyejua kitu. Nikamleta mwenyewe: mzee wa mende, mtafiti wa wadudu anayechapisha barua pepe ili azisome kwenye karatasi. Huyu hata simu yake huipokea kichwa chini.

Kakaa. Katafuta miwani. Ilikuwa kwenye paji la uso. Moyoni nikasema, kazi imekwisha.

Kabonyeza. Tukangoja kidogo. Mchoro wa mende wake ukatokea, wa rangi, unapendeza kama kitambaa cha harusi. Mzee kautazama, kisha kanigeukia mbele ya watu wote.

“Miaka yote hii, mwanangu, ulikuwa unanifanyia nini?”

Nikasema simu yangu inaita. Haikuwa inaita.

Nyumbani, mke wangu kasema mama yake amegoma tena kuhama bondeni. Mama mkwe anasema mto ni jirani yake, na jirani hakimbiwi. Nikamuunga mkono kwa moyo wote. Nyumba yetu ni ndogo na mama mkwe ana maoni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata! Akili hii nikifa wakaihifadhi.

Nimeijaza kompyuta kubwa kazi za bure. Kila kazi inaiambia mashine ihesabu mpaka ichoke, halafu ianze upya. Hapapenyi hata sindano. Na wingu halijaunganishwa, maana nimemsikia Kitufe kwa masikio yangu mawili akilalamika kwenye simu kwamba bado hawajamuunganishia. Kesho atabonyeza, ukumbi mzima ukimtazama, na hakitatokea kitu. Nimepiga pasi shati langu la sherehe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ole wangu.

Ukumbi ulijaa. Profesa wa mito ndiye aliyeinuka kwanza. Kasema mvua kubwa imetabiriwa, na kazi yake imelala kwangu tangu Jumatatu. Watu wakanitazama. Nikaangalia dari. Profesa akachagua faili lake.

Kabonyeza. Nikakunja mikono nisubiri utamu. Maandishi makubwa yakatokea ukutani: kompyuta kubwa imejaa, kazi yako inapelekwa kwenye wingu. Kumbe kwenye ile simu lililokuwa halijaunganishwa ni bomba la maji nyumbani kwake!

Chai haijapoa, ramani ikatokea. Bonde lote la chini lilikuwa buluu, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyepiga makofi. Profesa kachukua simu palepale, kawapigia watu wa maafa.

Alipomaliza, mkurugenzi kauliza ni nani aliyeijaza mashine siku kama hii. Kitufe, kwa roho safi kabisa, kasema ukurasa unaonyesha hilo pia. Kabonyeza. Jina langu likatokea. Chini yake jina langu. Chini yake tena jina langu, likateremka ukutani mpaka kwenye zulia.

Mkurugenzi kauliza kazi zote hizo zinatafiti nini.

“Namba,” nikasema.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana gari la matangazo lilipita bondeni kuwahamisha watu. Mama mkwe kakataa. Mke wangu kamwonyesha ile ramani kwenye simu, kamwonyesha na paa la nyumba yake, buluu tupu. Hapo ndipo aliponyanyuka. Nikabeba godoro, masufuria, na kuku mmoja aliyenichukia tangu mwanzo.

Leo alfajiri mto umeingia. Maji yamepita madirishani mwake. Hakuna aliyekufa, wote walikuwa wameshatoka.

Mama mkwe sasa yuko sebuleni kwetu, kwenye kiti changu. Kanishika mkono. “Baba, nasikia ramani imetoka ofisini kwenu. Mungu awabariki.” Nimewaza ingekuwaje kama kazi ya profesa ingebaki mezani kwangu. Nimewaza sana, karibu mpaka chakula kilipoiva.

Baada ya kula kaniambia sebule yangu imepakwa rangi ya hospitali.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeitwa kwa mkurugenzi. Nilijua nimeshamwaga unga. Sikufukuzwa! Ila kompyuta kubwa amekabidhiwa Kitufe, na mimi nimehamishiwa kijumba kilicho chini ya ngazi, kuwasaidia waliosahau nywila zao, yaani maneno ya siri ya kuingilia kwenye kompyuta. Aibu gani hii? Mtu wa hadhi yangu!

Nikakaa humo nimenuna. Mlango ukagongwa. Alikuwa mzee wa mende, amesahau nywila. Ukagongwa tena: mhasibu. Kufika mchana ngazi ilikuwa imejaa watu mpaka juu. Wote wanajua kubonyeza, lakini hakuna anayeweza kuingia! Na anayewafungulia ni nani? Mkurugenzi mwenyewe kainamisha kichwa kupita mlangoni, kaniita ndugu yangu.

Kesho nitamwona Kitufe. Nitamshauri kwamba nywila zibadilishwe kila wiki, na ziwe ndefu. Nia yangu ni usalama tu.