Kempa ya Florida Imenifungia Ndani

Jamani, leo nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya watu nisiowajua na mbwa wao.

Mnaijua kempa yetu, ile nyumba ya magurudumu ambayo mume wangu, Baba Neema, aliiona mtandaoni akaenda kuivuta kutoka Florida, kusini kabisa mwa Marekani, mpaka huku Minnesota, kaskazini. (Florida! Kana kwamba hapa haziuzwi.) Ukuta mmoja wa sebule, pamoja na kochi lake, unatoka nje ukibonyeza swichi, ili mpate nafasi. Mkitaka kusafiri, mnaurudisha ndani. Shida ni kwamba siku hizi unajiendea wenyewe. Juzi niliusikia ukiguna nikaacha chai mezani, nikatoka mbio.

Mimi naogopa kubanwa. Hata pale hospitalini ninapofanya kazi, lifti siipandi.

Basi leo tukaivuta hadi kwa dila mmoja, muuzaji wa kempa, katika mji wa Blaine. Waranti, ile ahadi ya kutengenezewa bure, bado ipo. Akatoka fundi mwenye ndevu, akauliza swali moja tu.

"Mlinunua hapa?"

"Florida," akajibu Baba Neema, sauti imeshuka.

"Basi hatuigusi. Tuna foleni ya walionunua kwetu. Warudieni waliowauzia."

Baba Neema akambembeleza aitazame tu kwa macho. Akakubali, akasimama nje, mlangoni. Sisi wawili tukaingia. Mimi nikasogea karibu na kochi nimwonyeshe. Sikugusa kitu! Ukuta ukaguna. Halafu ukaanza kuja.

Mmewahi kufuatwa na kochi?

Baba Neema alikuwa karibu na mlango. Akaruka nje! (Tangu tuoane sijamwona na mbio zile.) Mimi kochi lilishanitenga na mlango, nikakimbilia chumba cha kulala kule nyuma. Likaja, likaziba njia yote, likasimama.

Niliona wazi kabisa ukuta utaendelea, unikute pale kitandani, unifanye chapati. Nikaomba kwa Kikamba. Nikaomba kwa Kiswahili. Mwisho nikaomba kwa Kiingereza, kwa sauti, ili na fundi asikie.

"Bonyeza swichi!" nikapiga kelele.

"Siwezi, mama, wala mumeo asiiguse," akajibu fundi. "Ikivunjika hapa, itakuwa juu yetu."

Baba Neema akawapigia Florida, simu kwenye spika. Niliwasikia vizuri kupitia ukutani.

"Hakuna wasiwasi," wakasema. "Ileteni hapa tuitengeneze."

"Mke wangu amefungiwa ndani!"

"Kusafiri na mtu ndani hairuhusiwi, bwana," wakajibu.

Nikalia. Sitawadanganya, nililia.

Fundi ndiye aliyenielekeza kwenye dirisha la dharura. Nivute vishikio vyekundu, nisukume kioo. Nikachungulia. Chini mbali! Na wateja walishakusanyika, akiwemo mzee mmoja na mbwa wake. Nyuma yangu ukuta ukaguna tena. Sikungoja kuuliza. Nikatanguliza miguu.

Miguu ikapita. Nyonga zikakataa.

"Vuta!" nikamwambia Baba Neema. Akavuta, fundi akamsaidia. Nikashuka kama gunia. Sketi ikanasa kwenye kishikio, ikabaki juu inapeperuka. (Namshukuru Mungu kwa baridi ya Minnesota: ndani nilikuwa na suruali ya kuzuia baridi. Ya Baba Neema. Yenye tundu, na tundu lenyewe liko nyuma.)

Mbwa akabweka. Mtu mmoja akapiga makofi. Baba Neema akavua jaketi, akanifunga kiunoni, akakaza fundo mara tatu, na hapo nikajua kuwa naye aliogopa kweli.

Na ukuta je? Ukaguna, ukatoka nje wenyewe polepole mpaka mwisho, bila kusimama, kama ule wa kwenye video ya matangazo.

Fundi akautazama. "Mbona unafanya kazi vizuri?"

Akaona uso wangu, akaenda kuchomoa betri, akasema tuiache uwanjani kwake, atatuweka mwisho kabisa wa foleni. Sketi aliniletea kwa fimbo.

Sasa niko kitandani kwangu, kwenye kuta zisizotembea. Kama mna mpango wa kununua nyumba ya magurudumu, inunueni mahali ambapo muuzaji anaweza kusikia mkipiga mayowe.