Kilo Zikigoma, Hamisha Duara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma salamu badala ya kuja, na ambaye kiti chako nimekikalia kwa niaba yako. Waheshimiwa madiwani wa kata zote ambako mradi umepita. Viongozi wetu wa dini, masheikh kwa wachungaji. Wazee wa mila mliovaa makoti mazito kwenye jua hili, shikamooni. Wenye maduara, haya mashimo yetu ya dhahabu, na mnaochimba maduara ya wenzenu. Akina mama wa chapati na akina baba wa nyama choma. Vijana wa bodaboda mliozima pikipiki kwa heshima yangu. Ndugu mwandishi wa kumbukumbu. Na wewe Mama Wegesa, uliyesimama hapo pembeni na begi lako, ambaye nakuomba ukae kwa sababu leo wewe ndiye takwimu yetu: kama kuna niliyemsahau, basi ajihesabu kuwa ametajwa, tena kwa cheo kikubwa kuliko alicho nacho. (Makofi.)

Mimi, Erasto Kisyeri, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Mradi wa Kituo cha Kupunguza Uzito, nimesimama hapa Kewanja nikiwa na furaha ya kimkakati, na naomba mkalimani asinitafsiri kwa Kikurya mpaka nimalize, kwa maana mara ya mwisho alinifupisha hotuba ya saa nzima kwa maneno manne na watu wakaondoka. (Kicheko.)

Ndugu wananchi, tukumbuke tulikotoka. Kabla dhahabu haijapanda bei, mtu wa hapa alikuwa mwembamba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Alikwenda shamba kwa miguu, akafuata ng'ombe kwa miguu, akarudi akala ugali wa muhogo na mboga, akalala. Dhahabu ilipoitika, tukasema na sisi sasa tule, ndipo ikaingia supu ya asubuhi na chapati mbili juu yake, soda ya kushushia, mchana nyama choma, na kutoka duarani hadi nyumbani, mahali ambapo mtu unaona paa la nyumba yako kwa macho, bodaboda. Asiye na kitambi ikasemwa duara lake halijatoa kitu. Akikonda kidogo, ndugu zake wanakaa kikao. (Kicheko.) Msicheke, hiyo ni tathmini ya kitaalamu.

Baadaye vikaja presha na sukari, akaja na nesi wetu wa zahanati, Tabitha, akituambia tupunguze. Tukapunguza, na kwa kweli tukapungua! Kisha kilo zikagoma. Hali hii kitaalamu inaitwa plato. Unajinyima kile kile ulichojinyima mwezi uliopita, unapanda mzani, mshale haubanduki. Unajinyima tena, unapanda, mshale uko pale pale na njaa imeongezeka.

Mfano hai ni Mama Wegesa, ambaye wote mnamjua kwa chapati zake pale njia ya mgodini. Huyu mama ana uvimbe tumboni. Madaktari kule Mugumu walimwambia kwa uzito ule hawawezi kumpa dawa ya usingizi, ashuke kwanza chini ya kilo tisini ndipo wampasue. Akashuka vizuri kabisa mpaka tisini na sita, akakwama hapo miezi. Alikuja mbele ya kamati akilia, akasema, "Mwenyekiti, chapati siku hizi hata kuonja sionji, nakaanga nimegeuza uso. Mbona hazishuki? Huu uvimbe hauningoji, mura. Watoto wangu nitamwachia nani?" Aliniita mura, yaani kijana, mbele ya wajumbe, mimi mtu wa wadhifa huu, nikamsamehe, kwa kuwa uongozi ni uvumilivu. (Makofi machache.)

Basi tukamwita Nesi Tabitha atoe ushauri elekezi. Akasema mwili ukishapungua unahitaji chakula kidogo kuliko pale ulipoanza, halafu umeshazoea, kwa hiyo usirudie yale yale: ongeza kutembea, shusha tena mafuta na ugali, lala vya kutosha, wala usikate tamaa. Kamati ilimsikiliza kwa kina, ikamshukuru, ikamtoa nje, ikabaki na wataalamu wake yenyewe. Na sisi wajumbe, ndugu zangu, ni wachimbaji. Nani hapa hajui? Ukichimba ukakuta mwamba mgumu, hupigani na mwamba. Unafanya nini?

(Wananchi: "Unahamisha duara!")

Asanteni! Unasogea pembeni, unaanza upya. Kamati ikaazimia kwa kauli moja kwamba kilo za wananchi zimegonga mwamba, na kwa hiyo Kituo kihamishwe. Kilikuwa kijengwe hapa Kewanja. Tukakihamishia Nyanungu kabla hata jiwe la msingi halijaletwa, jambo lililookoa gharama za kuling'oa. Tukatangaza kwa kipaza sauti: wenye kilo zilizogoma, nendeni Nyanungu, kuna mzani, kuna mtaalamu, kuna uwanja wa mazoezi wenye kivuli. Wengi mlikwenda kwa miguu, maana mtu anaona aibu kwenda kupunguza uzito akiwa amepakiwa kwenye bodaboda.

Mkafika. Ni kweli kulikuwa na changamoto ndogo ya kutokuwapo. Mzee Simioni, anayechunga mbuzi pale, aliwaambia hajaona kituo chochote tangu azaliwe, kauli ambayo kamati inaichukulia kama maoni binafsi. (Minong'ono.) Wiki iliyofuata mkarudi kwa miguu, mkaambiwa bado kidogo. Mkarudi tena. Tulipoona malalamiko yamegonga mwamba, tukahamisha duara tena, tukatangaza Kenyamonta, mkavuka mto Mara, mkapanda, mkashuka, mkakuta mtama wa watu. Huo nao ni mwelekeo wa lishe bora.

Sasa tuje kwenye matokeo. Kwa kuwa mzani wa Kituo ulikuwa bado kwenye mchakato, na mizani nyingine za hapa ni za kupimia dhahabu, ambazo hata kidole changu hazikibebi, juzi kamati iliwapima wanamradi kwenye mzani wa ng'ombe pale mnadani. Kulikuwa na tukio dogo ambapo mchuuzi mmoja alisogea akauliza bei ya Mama Wegesa. (Kicheko kikubwa. Mama Wegesa hacheki.) Lakini mshale, ndugu zangu! Mshale ulisoma themanini na nane! Asilimia mia na nne ya wanamradi wamepungua, wanne wa ziada wakiwa ni majirani waliovutiwa na mafanikio. Na kwa wale wanaonong'ona kwamba Mwenyekiti mwenyewe hajapungua hata robo, jibu ni kwamba nimejitolea kubaki na uzito wangu wote ili mpate pa kulinganishia. Nimezunguka na gari la kamati katika vituo vyote vitatu, bila kushuka, kwa ajili yenu.

Mama Wegesa, sogea mbele upigwe picha. Weka begi chini.

(Mama Wegesa: "Mwenyekiti, gari la Mugumu hilo linapiga honi. Madaktari wananisubiri leo. Nikichelewa wanampa mwingine nafasi.")

Kaa kidogo, mama. Bado sijafika kwenye sura ya pili ya hotuba, na bila wewe sura ya pili haina mtu.

(Mama Wegesa: "Nimekwenda Nyanungu, nimekwenda Kenyamonta, sijaona hata tofali. Nilikuwa natembea nalia, naogopa kufa, nikifika nakuta mbuzi, nageuza. Miguu yangu ndiyo iliyonipunguza, na yale aliyosema Tabitha. Si wewe. Nina hasira na wewe, na sina muda wa kukaa nayo.")

Mmesikia kwa masikio yenu, ndugu wananchi: amesema amepungua. Mwandishi, hapo pa hasira andika hamasa.

(Mama Wegesa anachukua begi, anaondoka. Akina mama wa chapati wanainuka, mmoja anampokea begi.)

Akina mama, utaratibu! Mkutano haujafungwa, na viti ni vya kukodi! Basi tufunge kwa kaulimbiu, itikieni kwa nguvu wafadhili wasikie huko waliko. Mwili mwepesi!

(Wananchi, wakisimama: "Mwendo!")

Plato oyee!

(Wananchi wanatazama gari la Mugumu.)

Kilo zikigoma!

(Wananchi: "Hamisha duara!" Wanahama wote kuelekea barabarani. Vijana wa bodaboda wanawasha pikipiki, wanatangulia kulifungulia gari njia. Mkalimani anafuata.)

Nimefarijika kuona ujumbe umeeleweka haraka namna hii. Kwa mliobaki, yaani mwandishi, naomba kutoa shukrani. Naishukuru kamati kwa kuhamisha kwa ufanisi kitu ambacho hakikuwapo, kazi ambayo wenye majengo hawaiwezi. Nawashukuru wananchi kwa kuutafuta kwa uaminifu Mradi ambao haukuwahi kuwa na kiwanja, mzani wala mtaalamu, kwa maana mngeukuta mngekaa kwenye vivuli vyake mkaagiza soda, na kilo zingebaki pale pale. Mwandishi, hilo la mwisho usiliandike.

(Gari linaondoka. Mwenyekiti anaweka mikono mdomoni, anapaza sauti.)

Mama Wegesa! Upone, mama, Mungu akutangulie! Na huko Mugumu wakikuuliza umepunguaje, usiwaambie ulitembea kuutafuta mradi! Waambie uliukuta!