Njooni Mchukue Nyumba Yenu ya Mushaki

Walikale, tarehe 9 mwezi wa sita

Kwa Bwana Gérant wa Koperative Akiba ya Milima,
Ofisi ya Sake

Kuhusu: kuchelewa kwenu kuninyang'anya nyumba

Bwana Gérant,

Ninawaandikia kwa heshima yote, nikiwa nimekaa juu ya gunia tupu mbele ya shimo la madini la Papa Zéphyrin, ambamo ninabeba mawe tangu miaka mitatu. Shule niliiacha mwaka wa tano wa primaire, kwa hiyo mkikuta neno limesimama vibaya, mulisaidie likae.

Mimi ni Evode Habumugisha wa Mushaki, mwenye ile nyumba ya mbao ya vyumba vitatu, upande wa juu wa barabara, pale ng'ombe wanaposhukia kunywa maji. Mnaijua. Mlinipa krediti ya kuijenga, nami niliweka nyumba yenyewe kuwa rehani. Nililipa kila mwezi bila kukosa, mpaka shimo letu likajaa maji. Papa Zéphyrin akaanza kutulipa kwa ahadi, nami nikawalipa ninyi kwa ahadi hizo hizo, bila kupunguza hata moja. Hamkuzitaka. Mlileta barua yenye mhuri ikisema kwamba nisipolipa ndani ya siku thelathini, mtakuja kuchukua nyumba.

Maji yalipokauka, mshahara ulirudi. Lakini siku thelathini zilikuwa zimekwisha, nami nikajiuliza: mtu anailipia vipi nyumba ambayo kesho si yake? Kwetu hakuna anayemlambisha chumvi ng'ombe ambaye mchinjaji ameshamfunga kamba. Nikaacha kulipa, nikawangoja. Leo ni mwezi wa kumi na sita ninawangoja. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu neno lenu. Mimi nilisema sitalipa, na sijalipa. Ninyi mlisema mtachukua, na hamjachukua. Ninaomba mtu aliyesoma kunipita aniambie kati yetu mwongo ni nani.

Mke wangu Emérita aliiamini barua yenu. Siku ile ile alifunga sufuria ndani ya shuka, akabakiza moja ya kupikia, akamaliza siku thelathini akipika maharagi na viazi kwa zamu kama watu wa kambi. Jogoo wetu alimpeleka kwa jirani, Mama Nyirabagenzi, amtunzie mpaka tupate kwa kuhamia. Mlipochelewa, Mama Nyirabagenzi alifikiri tumeshamsahau jogoo, akamla siku ya Pasaka. Mngekuja kwa wakati, jogoo yule angekuwa hai. Ninamweka juu yenu.

2. Kuhusu afya yetu. Hili ninaliandika kwa haya. Wakati nilipokuwa mlipaji mwaminifu, watoto wangu walikula bugali na sombe bila mafuta, na binti yetu mdogo Mapendo alifukuzwa shule mara tatu kwa mwaka mmoja. Tangu niwe mtu mbaya, pesa iliyokuwa inapita mbele ya nyumba ikienda kwenu sasa inaingia ndani. Mapendo anasoma. Kuna mbuzi. Emérita ananiambia kwa simu kwamba nguo yake ya kanisa imembana mabegani.

Majirani wameona. Zamani waliponiona mwaminifu walinihurumia, sasa wananiamkia kwanza. Watu watatu wa Mushaki wamekwenda kwa mke wangu, kila mmoja kwa siri yake, kumuuliza tulifanya nini ili tuachishwe kulipa. Bwana Gérant, ninyi wenyewe mnaniharibia kijiji. Mkiniacha hivi mwaka mmoja zaidi, watoto wa Mushaki watakua wakifikiri kwamba kulipa deni ni ugonjwa unaokondesha.

3. Kuhusu maandishi mekundu. Baada ya zile siku thelathini mlimtuma agenti wenu, kijana Léopold, na kopo la rangi. Akaandika kwenye mbao za mbele, kwa herufi ndefu kama mkono: MALI YA KOPERATIVE. Emérita alijifungia ndani siku mbili kwa aibu.

Siku ya tatu walipita vijana wa bariere, wale wanaofunga barabara na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba mchango ambao mtu hawezi kukataa. Wakasoma. Wakashauriana. Mmoja akasema hii si ya mtu, iko ya ofisi, wakapita. Akapita mtu wa ushuru wa soko, akasoma, akapita. Akaja shemeji yangu Albert, ambaye tangu niliposimamisha ile nyumba alikuwa anakuja kuomba kila mwisho wa mwezi. Akasoma, akamtolea dada yake machozi, akamwachia viazi nusu gunia.

Tangu hapo hakuna aliyetugusa. Lalamiko langu ni kwamba rangi yenu ni mbaya. Mvua za Mushaki mnazijua. Kila baada ya wiki nne herufi za mwisho zinaanza kufifia, na mke wangu halali vizuri mpaka Léopold aje kuzipaka upya. Mama Nyirabagenzi, ambaye hana deni hata la chumvi, amejiandikia mlangoni maneno hayo hayo kwa makaa. Ofisi yenye heshima haiwezi kuacha sahihi yake ichezewe hivyo. Mnunue rangi ya mafuta.

4. Kuhusu manjanja ya paa. Bati moja juu ya kitanda chetu linavuja. Zamani ningelipanda na kulipigilia msumari. Lakini nyumba si yangu, ni mali yenu, imeandikwa. Baba yangu alinifundisha kutogusa mali ya watu. Kwa hiyo ninawajulisha, kama mlinzi anavyomjulisha mwenye nyumba, kwamba nyumba yenu inavuja.

Na kwa kuwa nimelitaja neno mlinzi: miezi kumi na sita mke wangu anailinda nyumba hiyo mchana na usiku, anaifagia, anaiwashia moto ili mbao zisioze. Pale ofisini Sake mna mlinzi mmoja, naye anapata mshahara, gumboti na koti la mvua. Emérita hajaona hata gumboti.

5. Kuhusu agenti Léopold. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Ninamshitaki kijana huyu kwa uvivu. Dosie yangu iko mikononi mwake. Anafika Mushaki kila mwezi, sasa hata mara mbili, akiwa juu ya moto ya ofisi, ile pikipiki yenu, na mafuta ya ofisi. Kila mara ni siku ya kuja kuwatoa watu wangu nje. Kila mara anapaka rangi, anapasua kuni, mwezi wa tatu alisimika miti ya maharagi ya shamba zima, kisha anasema tutaonana mwezi ujao.

Tena hana adabu. Mke wangu akimletea chakula na maziwa, hakai kula mbele yake kama mgeni mwema. Anabeba sahani, anazunguka nyuma ya jiko na kula akiwa ameangalia ukuta. Chumba chetu cha kulala amekataa kabisa kukiingia, hata kwa kazi. Alipotakiwa kupima vyumba, alipima viwili, na cha tatu akaandika kwamba bila shaka kipo. Na jina la mke wangu limemshinda. Ameniandikia barua mbili za kuonya, na kote anaandika "mama wa nyumba hiyo", hali jina la Emérita liko mbele ya dosie. Bwana Gérant, mtu anamtoaje nje mama ambaye hata jina lake anaogopa kulitamka?

Ninawaomba mumwondoe. Mpelekeni Ngungu, kule barabara itamfundisha kazi. Mahali pake mlete mtu mgumu, mwenye umri, asiyependa maziwa.

Kwa hiyo ninataka mambo manne: mje mchukue nyumba, mlipe ulinzi, mlipe jogoo, na mumwadhibu Léopold. Ikifika mwisho wa mwezi wa nane bila jibu, nitakwenda mahakamani kuwashitaki kwa kukataa kuninyang'anya. Na mahakama ikichelewa kama ninyi, nitafanya mwenyewe. Mimi ni mbebaji, nimezoea kilo hamsini mgongoni kwa mwendo wa siku mbili porini. Nyumba ile ni ya mbao. Miti yake niliikata mimi, mbao niliziranda mimi, na ninajua kila msumari ulipoingia, hata ule uliopinda siku Umuhoza, binti yangu wa kwanza, alipokuwa akinishikia ngazi. Nitaibomoa ubao kwa ubao, nitaiteremsha Sake, niisimamishe mbele ya dirisha lenu, nanyi mtanitilia sahihi kwamba mmeipokea. Misumari nitaileta ndani ya kopo.

Nimechoka, Bwana Gérant. Nimechoka kulala Walikale juu ya magunia kwa ajili ya nyumba ambayo si yangu na si yenu. Mtu akinyang'anywa analia siku moja na kutafuta pengine. Akingojeshwa, hata usingizi hajui aulale upande gani.

Muwasalimu wote wa ofisini, na mlinzi mwenye gumboti, na yule mama wa dirisha la pili ambaye siku ile aliniambia polepole, Papa, soma kwanza mbele ya kutia sahihi, nami nikatia kwanza. Mungu awape maisha marefu na haraka kidogo.

Ni mimi, mlinzi wenu bila mshahara,

Evode Habumugisha

P.S. Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Jioni nilipanda kilima ambapo simu inashika, nimwambie Emérita kwamba nimewashitaki. Hakuningoja niseme. Léopold alifika Jumapili bila dosie. Alifika na wajomba zake wawili na mitungi miwili ya kasiksi, pombe ya ndizi, akakaa kwenye kiti cha chini, akaangalia chini. Wajomba ndio walisema. Anamuomba Umuhoza.

Nikamwomba Emérita arudie, akarudia. Kisha akaniambia: "Njo maana alikuwa anaogopa jina yangu, Papa Umuhoza. Weye unasomaka mabarua ya ofisi, batu hausomake."

Ni kweli. Mimi mwenyewe, wakati nikimtaka Emérita, nilikula mwaka mzima nyuma ya jiko la mama mkwe wangu. Jina la yule mama sijalitamka hata siku tulipomzika. Kijana mwingine angefanya hivyo kwangu ningemtambua kwa sahani ya kwanza. Lakini huyu alikuja na kopo la rangi, nami nikaona deni tu, sikuona mtu. Kwetu mkwe hamtoi mama mkwe wake nje. Miezi hiyo yote mlikuwa mmemtuma mtu ambaye hawezi.

Kwa hiyo, Bwana Gérant, ninafuta lalamiko la kwanza, la pili, la nne na la tano. Msimpeleke Ngungu. Msimlete mzee asiyependa maziwa. Dosie ibaki mikononi mwake. Jogoo nimemsamehe Mama Nyirabagenzi, nanyi nimewasamehe.

Nyumba msiichukue. Baba wa bibi arusi anapokea wakwe mlangoni kwake, na mlango ni ule mmoja tu nilio nao. Nimemwomba Papa Zéphyrin ruhusa kwa mwezi wa nane, nami nitapanda mwenyewe kulipigilia lile bati.

Kuhusu deni, mfurahi. Mahari ni ng'ombe wawili. Mmoja tutamchunga kama desturi inavyotaka. Wa pili nimekubaliana na Emérita tumuuze palepale na kuwalipa ninyi miezi yote kumi na sita. Nilimuuliza kijana, kwa mdomo wa mjomba wake, ng'ombe hao anawatoa wapi. Nikajibiwa kwamba amechukua krediti kwenu, kwa bei nzuri ya wafanyakazi, na rehani ni nyumba ya mama yake. Basi pesa yenu inarudi kwenu kwa miguu minne. Akija kushindwa kulipa, ninawaomba kwa unyenyekevu mumtumie mama yake agenti kijana, mwenye adabu, ambaye hajaoa. Mapendo atakuwa amekua.

Limebaki jambo moja. Lalamiko la tatu silifuti. Ng'ombe hao watapita bariere tatu kabla ya kufika Mushaki, na kila bariere ina vijana wanaopenda nyama. Mumpe Léopold kopo moja zaidi la rangi nyekundu, ile ya mafuta, awaandike wote wawili ubavuni MALI YA KOPERATIVE. Safari hii hata haitakuwa uongo.