Hati Miliki ya "Follow Up"

Miezi minane saluni ya mkewe Profesa ilikuwa imefungwa kwa kukosa kibali, na asubuhi ile mke alimwambia kwa upole wa kutisha: "Mume wangu, ukirudi mikono mitupu, lala hukohuko." Basi Profesa (shule aliikimbia darasa la sita, lakini majina hayalipiwi kodi) akaketi kwenye benchi la ofisi ya vibali, akinusanusa.

Karani mpya, binti aliyetoka chuo juzi, kila aliyeulizia faili lake alimjibu, "Nita-follow up," na mtu akaondoka anatabasamu kana kwamba kapewa. Mkuu wa ofisi alisimama mlangoni akimtazama. Profesa akaapa moyoni kwamba ule ni wivu mtupu. Akamfuata ndani, akafunga mlango.

"Mzee, lile neno la binti lina mwenyewe."

"Neno gani?"

"Follow up! Kitenzi cha maneno mawili, Kiingereza cha wakubwa. Maana yake kufuatilia jambo mpaka kieleweke. Mimi ndiye wakala. Ukilinunua, humu ndani halitamkwi bila ruhusa yako."

"Hata yule binti?"

"Akithubutu, barua ya onyo."

Macho yakamtoka Mkuu. "Linatumikaje?"

"Litamke polepole, ukitazama dirishani. Ukishamwambia mtu hivyo, hana haki ya kuuliza tena. Kifungu cha tatu." Profesa akatandaza hati yenye muhuri aliouchonga kwa kiazi, na jamani, ulipendeza kuliko wa serikali.

"Bei?"

"Kwako wewe, mzee wangu, sahihi tu. Kwenye kibali cha saluni ya mke wangu."

"Muuzaji anatangulia kusaini."

Profesa akasaini kwa madoido. Mkuu akaisoma hati mara mbili, akaifungia kwenye droo.

"Haya mzee, kibali changu."

Mkuu akageukia dirishani. "Nita-follow up," akasema, polepole.

"Lakini tulikubaliana!"

"Kifungu cha tatu, bwana wakala." Akabonyeza kengele. "Anayefuata!"

Profesa akajikuta nje, saluni ingali na kufuli.

"Kaka, umehudumiwa?" binti akamuuliza.

"Mkuu wako nimemuuzia lile neno lako," akajikakamua.

Binti akaangua kicheko. "Neno langu? Si yeye aliyenifundisha siku naanza kazi! Alisema hakuna dawa ya foleni kama hiyo."